Dakika Mbili za Nta

Katikati ya mwaka 1906 Mjerumani mmoja aitwaye Karl Weule, mtaalamu wa jumba la makumbusho ya tamaduni huko Leipzig, alishuka melini Dar es Salaam akiwa na shehena ya vifaa. Kulikuwa na kamera za picha, kamera ya filamu na fonografu, mashine ya kunasa sauti juu ya mitungi midogo ya nta. Safari aliyoipanga haikuwa ya kusini. Alikusudia kwenda bara, upande wa Kondoa-Irangi, nchi ambayo jirani yake wa kaskazini ni Ufiomi, yaani eneo ambalo leo tunaliita Babati. Alipofika pwani alikuta taarifa za machafuko huko bara. Mpango ukabadilishwa, akapelekwa kusini, Lindi, Masasi na Newala, katika nchi ambayo vita vya Maji Maji vilikuwa ndiyo kwanza vimeiacha na majivu na njaa.

Kwa hiyo nyimbo za Wayao, Wamakua na Wamakonde za mwaka 1906 zipo, na unaweza kuzisikiliza, ingawa kwa mikwaruzo. Sauti za Wagorowa, ambao Wajerumani waliwaita Wafiomi, hazipo katika safari ile. Mashine iligeuzwa njiani. Masikio ya wakati ule yalikwenda mahali pengine, na babu wa babu zetu waliokuwa wakiimba chini ya mlima Kwaraa hawakusikika.

Nimekuwa nikiifikiria safari ile kwa muda mrefu kuliko inavyostahili, kwa sababu ya jambo la kawaida kabisa. Nasoma shahada ya uzamili katika historia, utafiti wangu uko Babati, na nilitakiwa kununua kinasa sauti cha kubebeka mkononi, cha kurekodia nje. Hakuna chumba chenye ukimya katika utafiti wangu. Kuna viwanja, kuna miti, kuna barabara kuu ya Arusha hadi Dodoma yenye malori usiku na mchana. Nilidhani ni suala la fedha na la kulinganisha vipimo vya kiwandani. Nilipoanza kusoma historia ya vifaa vyenyewe niliona ni suala jingine. Kila mashine iliyowahi kuletwa Afrika Mashariki kunasa sauti ilikuja na kipimo chake, na sauti zetu zikakatwa zitoshe kipimo hicho.

Tuanze na nta. Fonografu, ambayo Edison aliibuni mwaka 1877, haikuhitaji umeme wala betri. Unavuta spring, mtungi unazunguka, mwimbaji anaimba ndani ya pembe pana, na sindano inachora mawimbi ya sauti yake juu ya nta. Kwa safari za porini kilikuwa kifaa cha ajabu, na tena kilikuwa kinasa na kicheza kwa pamoja. Mwimbaji alimaliza kuimba, sindano ikabadilishwa, naye akaisikia sauti yake pale pale. Lakini mtungi mmoja ulibeba dakika mbili, tatu hivi, basi. Aliyerekodi alilazimika kumwambia mwimbaji aanze lini na aishie wapi. Pembe nayo ilitaka mtu mmoja asogee karibu sana, kwa hiyo ngoma ya watu hamsini iligeuka kuwa sauti ya mtu mmoja aliyeinamia bomba. Sauti nzito za chini na sauti kali za juu hazikuingia vizuri. Kilichobaki ni sehemu ya katikati, kama mtu anayeongea nyuma ya mlango.

Mitungi ilisafirishwa hadi Berlin, kwenye hifadhi ya sauti iliyoanzishwa mwaka 1900, Phonogramm-Archiv. Huko ilipakwa shaba ili kupata kalibu ya kutolea nakala, na katika kazi hiyo nta ya asili iliharibika. Fikiria hilo: ili sauti idumu, kitu chenyewe ambacho pumzi ya mwimbaji ilikigusa kilipaswa kufa. Kalibu zile za shaba nazo zimepita mengi. Vita vya Pili vya Dunia viliposhika kasi zilihamishwa, kisha Wasovieti wakazichukua hadi Leningrad, baadaye zikarudishwa Berlin Mashariki, na mwaka 1991, baada ya Ujerumani mbili kuungana, zikarejea katika jumba lao la awali upande wa magharibi. Mwaka 1999 UNESCO iliuingiza mkusanyo huo katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Sauti za Watanganyika zimefika Leningrad, mahali ambapo wenye sauti hawakuwahi hata kupasikia.

Mashine ya pili ilikuja na magurudumu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika kwa miaka mingi, alizunguka Tanganyika, Kenya na Uganda akirekodi muziki. Huyu hakutaka pembe wala mtungi. Alikuwa na gari lililobeba mitambo, jenereta ya kuzalisha umeme, na waya mrefu wa kuiweka jenereta mbali ili muungurumo wake usiingie katika wimbo. Alipenda kuishika maikrofoni kwa mkono wake mwenyewe, akiisogeza kumfuata mwimbaji, kisha mpiga ngoma, kisha waitikiaji. Aliyewahi kusimama katikati ya ngoma anajua kwa nini. Masikio ya mtu huchagua, maikrofoni haichagui, na Tracey aliichagulia. Ndiyo maana rekodi zake zinasikika safi hadi leo.

Hata hivyo kipimo kilikuwepo. Soko la wakati ule lilikuwa la santuri, na upande mmoja wa santuri ya kawaida ulibeba dakika tatu hivi. Tracey alirekodi wapiga nanga wa Kihaya, watu ambao sanaa yao ni kusimulia matendo ya mashujaa kwa muda mrefu huku vidole vikienda juu ya nyuzi. Utendi wa namna hiyo hauna haraka. Santuri ina haraka. Mwaka 1954 alianzisha hifadhi inayoitwa International Library of African Music, ambayo tangu 1978 iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, na mfululizo wake wa Sound of Africa una santuri kubwa 210. Ni hazina. Lakini msomaji wa historia anapaswa kuisikiliza huku akijiuliza wimbo ungeendelea vipi kama santuri isingeisha.

Kilichofuata kiliondoa gari. Mwaka 1951 Stefan Kudelski, mzaliwa wa Poland aliyekuwa akiishi Uswisi, alitengeneza mashine ya utepe ya kubebeka akaiita Nagra, neno ambalo kwa Kipoland lina maana ya "itarekodi". Mwaka 1961 kampuni ya Uher ya Ujerumani ilitoa mashine ndogo zaidi, ya kuning'iniza begani, inayotumia betri tano kubwa za mviringo, zile zile ambazo nyumbani tuliziweka kwenye tochi na redio. Kwa mara ya kwanza mtafiti aliweza kupanda mlima kwa miguu akiwa na mashine, akakaa chini ya mti, akaacha mkanda uende. Kisha ikaja kaseti, iliyobuniwa na Philips mwaka 1963, na mamlaka ya kurekodi yakatoka mikononi mwa mtafiti. Radio-kaseti ilikuwa na kitufe chekundu, na mtu yeyote mwenye betri za National aliweza kurekodi harusi ya dada yake, kwaya ya kanisani kwake au hotuba ya mzee. Nyumba nyingi za Babati bado zina boksi la kaseti juu ya kabati. Kitu ambacho hazina tena ni mashine ya kuzichezea.

Hapa ndipo historia inapoanza kuuma. Kanda haifi peke yake, hutanguliwa na mashine yake. Mwaka 2005 Sony iliacha kutengeneza mashine za DAT, ambazo watafiti wa miaka ya 1990 waliamini ndizo za milele. MiniDisc, iliyozinduliwa mwaka 1992, ilifuata njia hiyo hiyo kufikia mwaka 2013. Mwaka 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, walitoa tahadhari juu ya kanda zote za sumaku duniani: kufikia mwaka 2025 hivi, kuzichezesha kwa wingi kungekuwa karibu haiwezekani kwa kukosa mashine na vipuri. Mwaka huo si wa mbali tena.

MiniDisc inatufundisha jambo la pili, na hili linagusa Babati moja kwa moja. Ili kubana saa nzima ya sauti ndani ya kisahani kidogo, mashine ile ilitupa sehemu za sauti ambazo wahandisi waliamini sikio la binadamu halizisikii. MP3 hufanya vivyo hivyo. Kwa muziki wa kusikilizia kwenye daladala hakuna ubaya. Lakini sikio la nani lilitumika kupima? Kigorowa na Kiiraqw ni lugha za Kikushi zenye sauti ambazo Kiswahili hakina. Ipo ile ambayo katika maandishi ya Kiiraqw huandikwa kwa herufi "sl": ncha ya ulimi inagusa juu, na hewa inapita pembeni kwa mchirizo mkali. Nguvu kubwa ya mchirizo huo iko katika masafa ya juu. Simu za zamani zilirekodi sauti kwa mfumo uliopima mawimbi mara 8,000 kwa sekunde, na kwa hesabu ya fizikia mfumo huo hauwezi kubeba chochote kilicho juu ya hezi 4,000. Rekodi Kigorowa kwa kifaa hicho, nawe utakuwa na Kigorowa kilichopoteza meno. Miaka hamsini baadaye mtoto anayejifunza lugha ya bibi yake kutoka kwenye rekodi hiyo hatajua kama "sl" ni "sl" au ni "s" tu.

Hii si hofu ya kubuni. Kigorowa kinazungumzwa na watu wa wilaya za Babati, na watoto wengi wa mjini wanakua na Kiswahili peke yake. Kwa miongo mingi kilionekana katika vitabu kama nyongeza ya Kiiraqw. Mwaka 1958 W. H. Whiteley alichapisha Kampala maelezo mafupi ya sarufi ya Kiiraqw, na Kigorowa kikaingizwa humo pamoja na Kialagwa na Kiburunge. Ilibidi kusubiri hadi karne hii kwa mkusanyo mkubwa wa sauti na video wa Kigorowa chenyewe. Mwanaisimu Andrew Harvey aliukusanya Babati akiwa na wenyeji, ukahifadhiwa mwaka 2017 katika hifadhi ya lugha zilizo hatarini, ELAR, wakati huo ikiwa Chuo Kikuu cha London, SOAS. Mwaka 2021 hifadhi hiyo ilihamia Berlin, kwenye akademia ya sayansi ya huko. Kwa hiyo safari ambayo Weule hakuifikisha mwaka 1906 imefika kwa njia ya mzunguko. Sauti za Ufiomi nazo sasa ziko Berlin. Tofauti ni kwamba mtu aliyeko Babati mwenye intaneti anaweza kujiandikisha na kuzisikiliza, jambo ambalo hakuna mwimbaji wa Newala wa mwaka 1906 angeliweza kuliota.

Sasa turudi kwenye kinasa sauti changu, maana vipimo vya kiwandani vimeanza kupata maana.

Ninachotaka kukirekodi ni kumbukumbu za wazee, na miongoni mwake slufay. Kwa Wairaqw na Wagorowa, slufay ni baraka ndefu inayosemwa kwa mpangilio wa kishairi: mzee mmoja anaongoza, mkusanyiko unaitikia. Husemwa penye watu, na watu wetu hukutana nje. Tazama inachodai. Kuna sauti moja ya mzee, pengine dhaifu. Kuna mlipuko wa waitikiaji kila baada ya mstari. Kuna upepo. Kuna bodaboda. Na hakuna anayejua itaisha lini.

Dai la kwanza ni muda, na hapa zama zetu zimewashinda Weule na Tracey. Rekodi ya WAV isiyobanwa, yenye vipimo 48,000 kwa sekunde na biti 24, ambavyo IASA inavitaja kuwa kiwango cha chini kwa hifadhi, hula karibu gigabaiti moja kwa saa kwa maikrofoni mbili. Memori kadi ya gigabaiti 32 inabeba saa thelathini. Hakuna tena sababu ya kumwambia mzee afupishe. MP3 ingebeba saa nyingi mara kadhaa zaidi, lakini saa thelathini za kweli ni bora kuliko saa mia tano zisizo na "sl".

Dai la pili ni upepo. Maikrofoni ndogo zilizojengwa juu ya vinasa hivi ni kali mno, na upepo mdogo ambao sikio halijali huwa kishindo ndani ya rekodi. Sponji inayokuja na kifaa inatosha ndani ya nyumba. Nje unahitaji kifuniko cha manyoya marefu, kinachofanana na panya buku, na kitufe cha kukata sauti nzito za chini. Watoto hukicheka kifuniko hicho. Waache wacheke, ila kabla ya kuanza.

Dai la tatu ni tofauti kati ya mnong'ono na kelele. Ukiweka kiwango juu umsikie mzee, waitikiaji watapasua rekodi. Ukikiweka chini, mzee atazama. Vinasa vipya vina mfumo wa biti 32 za nukta inayoelea, ambao hukuruhusu kurekebisha kiwango baada ya kurudi nyumbani. Zoom waliuingiza katika F6 mwaka 2019, na mwaka 2024 katika vinasa vyao vidogo vya bei nafuu. Ni msaada mkubwa, lakini wauzaji huutaja kana kwamba unaponya kila kitu. Hauponyi umbali. Maikrofoni iliyo mita kumi kutoka kwa mzee itarekodi mita kumi za Babati kwanza, ndipo imfikie mzee. Tracey aliyajua haya mwaka 1950, ndiyo maana alisogea.

Dai la nne ni betri. Vipo vinasa vizuri vyenye betri iliyofungiwa ndani. Ikichoka baada ya miaka mitatu, fundi wa Babati hana pa kuipata. Vinavyotumia betri za kawaida ndogo vinaishi popote penye duka la Mangi. Hili linaonekana jambo dogo mpaka ukumbuke boksi la kaseti juu ya kabati.

Dai la tano sikulipata katika vipimo. Nililipata Bonga, kusini mwa mji, nilipokwenda kujitambulisha kwa mzee mmoja ambaye nilitaka kumrekodi baadaye. Nilikuwa na kinasa cha kuazima mkononi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hicho ni nini?"

Nikamweleza. Akakigeuza geuza, akakipima uzito.

"Kinameza maneno?"

"Kinameza, babu."

"Na kinayatema?"

Nikamwambia yatahifadhiwa chuoni, na pengine kwenye hifadhi ya nje, kwa usalama.

"Sijauliza yatalala wapi," akasema. "Nimeuliza kama kinayatema. Hapa. Wajukuu wakiwa wamekaa."

Swali lake linaiweka historia yote hii mahali pake. Fonografu ilitema pale pale, kisha ikaondoka na maneno. Santuri ilitema kwa aliyekuwa na gramafoni. Kaseti ilitema nyumbani mpaka redio ilipokufa. Faili langu la WAV la gigabaiti moja haliwezi kutumwa kwa simu ya mjukuu aliyenunua bando la siku. Kinasa kizuri kuliko vyote, kikiishia kwenye diski ngumu ndani ya droo ya chuo, kitakuwa kimefanya kazi ya mwaka 1906 kwa ubora wa sasa.

Kwa hiyo nilichagua hivi. Nilinunua Zoom H5 iliyotumika, aina iliyotoka mwaka 2014, si mpya na haina biti 32. Inatumia betri mbili za kawaida. Inaweza kurekodi njia nne kwa pamoja: maikrofoni zake mbili zinawasikiliza waitikiaji na uwanja, na waya unakwenda kwenye maikrofoni ndogo iliyobanwa kwenye shuka la mzee. Nayo inaruhusu kuweka kiwango cha mzee mbali na kiwango cha umati. Fedha iliyobaki, ambayo ingenipa kifaa kipya, ilinunua kifuniko cha manyoya, hedifoni za kunionyesha ninachokosa wakati bado naweza kusogea, na spika ndogo ya stendi. Spika hiyo haimo katika mwongozo wowote wa utafiti wa uwandani. Kazi yake ni kutema.

Na nimejiwekea utaratibu. Kila rekodi inazaa faili mbili. Ya kwanza ni WAV kamili, isiyoguswa, yenye tarehe, mahali na majina ya waliokubali kutajwa. Hiyo itakwenda hifadhini na kuhamishwa kila mashine inapozeeka, kwa sababu hakuna kifaa cha milele. Ya pili ni nyepesi, ya kubaki Bonga ndani ya simu na ndani ya memori kadi ya redio. Ile nyepesi itapoteza baadhi ya michirizo ya "sl". Lakini itasikika mezani, mbele ya watu ambao bado wanaweza kusema: hapana, bibi hakusema hivyo, alisema hivi. Masahihisho hayo nayo yanafaa kurekodiwa.

Mzee amekubali. Amesema tusubiri mavuno yaishe, watu wapate nafasi ya kukaa, na pombe iive. Nilimuuliza nitenge muda gani. Akasema slufay haiulizwi hivyo, ikiisha itaonekana imeisha. Nimeweka kadi ya saa thelathini na betri sita za akiba.